Mwongozo Kamili wa Kumkinga Mnyama wa Nyumbani Wakati wa Joto Kali

Wafugaji wengi hulipima joto la siku kwa ngozi zao wenyewe, na wakiona wao wamelistahimili hudhani kwamba mbwa, paka au sungura wao naye amelistahimili. Hapo ndipo madhara mengi yanapoanzia. Mwili wa binadamu una tezi za jasho karibu kila mahali na hupoa kwa ngozi nzima, ilhali wanyama wengi tunaoishi nao nyumbani hawana uwezo huo, au wanao kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kuwaokoa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na namna kila mnyama anavyopoteza joto, kwa kuwa mengine yote, kuanzia mahali pa kuweka kizimba hadi namna ya kumhudumia mnyama aliyezidiwa, yanatokana na jambo hilo.

Hatua ya kwanza: elewa jinsi mnyama wako anavyopoa

Mbwa mwenye afya huwa na joto la mwili la kati ya nyuzi joto 38 na 39 za Selsiasi hivi, ambalo liko juu kidogo ya la binadamu. Njia yake kuu ya kujipoza ni kutweta. Hewa anayoivuta na kuitoa kwa kasi hupita juu ya ulimi, ndani ya pua na kwenye koo, ambako kuna unyevu mwingi, na unyevu huo unapogeuka kuwa mvuke huondoka na sehemu ya joto la mwili. Tezi zake za jasho zimo zaidi kwenye nyayo, na mchango wake katika kumpoza ni mdogo.

Kutokana na maelezo hayo, mfugaji anapaswa kuzingatia mambo mawili. La kwanza ni kwamba hewa yenye unyevu mwingi humnyima mbwa silaha yake kuu, kwa sababu hewa iliyokwisha kujaa mvuke haipokei mvuke mwingine kwa urahisi. Siku ya mawingu yenye fukuto inaweza kumdhuru kuliko siku ya jua kali lenye hewa kavu. La pili ni kwamba kutweta kwenyewe ni kazi ya misuli, na misuli inayofanya kazi huzalisha joto. Mbwa anayetweta kwa nguvu bila kupoa hujiongezea mzigo uleule anaojaribu kuutua, na ndiyo maana hali yake inaweza kugeuka ghafla baada ya kuonekana ya kawaida kwa muda mrefu.

Hapo pia utaona kwa nini feni peke yake haimfai mbwa kama inavyokufaa wewe. Feni inakupoza kwa kukausha jasho lako. Manyoya makavu ya mbwa hayana cha kukausha. Mloweshe kwanza, kisha umwelekezee upepo, na hapo feni itaanza kufanya kazi ya maana.

Paka hujipoza kwa kujilamba, kwa kuwa mate anayoyapaka kwenye manyoya hukauka na kuchukua joto, na zaidi ya hapo anajua vizuri kutafuta sakafu baridi na kulala bila kujisumbua. Kwa kawaida paka hatweti. Paka anayehema mdomo ukiwa wazi, hasa akiwa hajatoka kukimbia au kutishwa, ni mgonjwa hadi itakapothibitishwa vinginevyo, na hastahili kusubiri hadi kesho.

Sungura hutegemea masikio yake makubwa, ambamo damu hupita karibu na ngozi na kutoa joto nje. Njia hiyo hufanya kazi pale tu hewa inayomzunguka inapokuwa baridi kuliko damu yake kwa kiasi cha kutosha. Sungura huanza kupata taabu hewa inapovuka nyuzi joto 25 hivi, na inapokaribia au kupita nyuzi joto 30 maisha yake yamo hatarini. Simbilisi naye yuko katika hali hiyohiyo. Ndege hawana tezi za jasho kabisa, hivyo hufungua mdomo, hutetemesha koo na kuyatenga mabawa na kiwiliwili ili hewa ipite. Ama samaki, tatizo lake ni la aina nyingine: maji yanapopata joto hushika oksijeni kidogo, na wakati huohuo mwili wa samaki huhitaji oksijeni zaidi.

Hatua ya pili: mtambue aliye hatarini kuliko wengine

Wanaotangulia katika orodha ya hatari ni wanyama wenye nyuso bapa, kama vile bulldog, pug na boxer kwa upande wa mbwa, na paka wa Kiajemi. Wanyama hao wamezalishwa kwa vizazi vingi ili wawe na pua fupi, na pamoja na pua hiyo wamepata njia za hewa zilizobana. Mnyama anayetegemea kupitisha hewa nyingi ili apoe, halafu akawa na njia nyembamba ya kuipitishia, anaweza kuzidiwa siku ambayo mbwa mwingine anacheza bila shida. Ukiwa na mnyama wa namna hiyo, usijipimie kwa jirani mwenye mbwa wa pua ndefu.

Wanaofuata ni wanyama wanene, kwa kuwa mafuta huzuia joto kutoka; wazee na wachanga; wenye maradhi ya moyo, mapafu au koromeo; wenye manyoya mazito; na yeyote aliyewahi kupatwa na kiharusi cha joto hapo awali, yaani mwili wake kuzidiwa na joto hadi ukashindwa kujipoza. Mbwa kijana mwenye nguvu naye asisahaulike, kwani huyo humkimbilia mchezaji mwenzake au mpira hadi aanguke, bila kuonyesha dalili ya kutaka kupumzika.

Lipo kundi lingine ambalo halitambuliki kwa macho, nalo ni la wanyama ambao bado hawajalizoea joto. Mwili huhitaji siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, ili kujirekebisha. Siku za mwanzo za joto, au siku za mwanzo baada ya kumhamisha mnyama kutoka mahali pa baridi, ndizo zenye hatari kubwa, hata kama kipimo cha hewa hakijafika kiwango cha kutisha. Kauli ya "mbwa wangu amezoea" ina ukweli pale tu joto hilo lilipokuja taratibu na mbwa mwenyewe akapewa nafasi ya kulizoea.

Hatua ya tatu: andaa mahali pa kukaa

Kizimba cha mbwa chenye paa la bati lisilo na dari, kikiwa juani, hakimkingi mbwa bali humchoma. Kivuli cha mti mkubwa ni bora zaidi, kwa sababu chini yake hewa hupita kila upande na majani yenyewe hupoza kwa unyevu yanaoutoa. Ikiwa hakuna mti, tandaza kitambaa kizito au wavu wa kivuli juu ya nguzo, ukiacha pande zote wazi. Jambo linalosahauliwa sana ni kwamba kivuli huhama. Mahali palipokuwa na kivuli saa tatu asubuhi panaweza kuwa peupe juani ifikapo saa nane mchana, na mbwa aliyefungwa kwa kamba fupi hana uwezo wa kukifuata. Kabla ya kuamua mnyama akae wapi, pachunguze mahali hapo asubuhi, adhuhuri na alasiri. Na kama unaweza kuepuka kumfunga kabisa wakati wa joto, epuka.

Ndani ya nyumba, funga mapazia ya upande unaopigwa na jua kabla chumba hakijapata joto, si baada ya hapo. Mwache mnyama afike kwenye sakafu ya vigae au ya saruji, kwani mwenyewe atalaza tumbo lake hapo bila kufundishwa. Madirisha yafunguliwe upepo upite, lakini yawe na wavu imara kama unafuga paka, kwa sababu msimu wa joto ndio msimu ambao paka huanguka kutoka ghorofani kupitia madirisha na roshani zilizoachwa wazi. Wavu mwepesi wa mbu hauzuii paka anayemrukia ndege.

Vizimba vya sungura, simbilisi na ndege visiwekwe karibu na kioo cha dirisha, wala kwenye kibaraza kilichofunikwa kwa plastiki angavu, kwa kuwa mahali hapo hunasa joto. Mnyama wa kizimbani hawezi kuhama, hivyo mwenye jukumu la kuhama ni wewe pamoja na kizimba chake. Jaza maji kwenye chupa ya plastiki, igandishe, ifunge kwa taulo jembamba na uilaze ndani ya kizimba cha sungura ili aiegemee anapopenda. Andaa chupa mbili za kupokezana, maana moja haitadumu mchana kutwa. Kigae kilichopozwa kwenye jokofu hufaa vilevile. Kwa ndege, weka bakuli pana lenye maji kidogo ya kuoga, au mnyunyizie umande mwepesi wa maji, na usielekeze feni au kiyoyozi moja kwa moja kwenye kizimba chake.

Ukitegemea kiyoyozi, jiulize itakuwaje umeme ukikatika nawe haupo. Chumba kilichofungwa kila upande kwa ajili ya kiyoyozi hubadilika haraka kuwa mtego pale mashine inapozimika, kwa hiyo acha njia ya mnyama kufika kwenye chumba kingine chenye hewa.

Tangi la samaki lizimiwe taa, lifunguliwe kifuniko au kiachwe na upenyo, na maji yanayotoka kwenye kichujio yaachwe yadondoke kwa kurusharusha ili yachanganyike na hewa. Pampu ya hewa ni msaada mkubwa zaidi katika kipindi hiki. Usitupe vipande vya barafu ndani ya tangi, kwa kuwa badiliko la ghafla humuumiza samaki na maji ya barafu yanaweza kuwa na klorini. Elesha chupa iliyogandishwa na kufungwa vizuri, huku ukifuatilia kipimajoto. Punguza pia chakula, kwani mabaki yanayooza hula oksijeni ileile ambayo samaki anaihitaji.

Hatua ya nne: maji na chakula

Kwa makadirio ya kawaida, mbwa huhitaji mililita 50 hadi 60 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani mbwa wa kilo 20 hunywa karibu lita moja au zaidi kidogo. Wakati wa joto kiasi hicho kinaweza kuongezeka maradufu, hivyo usimpimie. Hakikisha tu kwamba maji hayamwishii. Weka vyombo viwili au zaidi, mahali tofauti penye kivuli, kwa sababu chombo kimoja kinaweza kupinduliwa saa moja baada ya wewe kuondoka. Chombo kizito cha udongo au cha chuma, chenye kitako kipana, ni bora kuliko beseni jepesi la plastiki. Badilisha maji angalau asubuhi, mchana na jioni, na kukisugua chombo kuwe sehemu ya kazi hiyo, maana utelezi unaoota pembeni ni makazi ya vijidudu.

Paka wengi hunywa maji kidogo na huchagua. Baadhi yao hupenda chombo kipana ambacho hakigusi sharubu, na wengi hupendelea maji yaliyo mbali na sahani ya chakula. Kumpa chakula chenye unyevu, au kuongeza maji kidogo kwenye chakula chake, ni njia ya uhakika zaidi ya kumfikishia maji kuliko kumbembeleza anywe. Sungura anayetumia chupa ya kunyonya apewe na bakuli pia, kwa kuwa kutoka kwenye bakuli anaweza kunywa maji mengi kwa haraka; na mdomo wa chupa ukaguliwe kila siku kama haujaziba.

Kuna imani iliyoenea kwamba maji baridi au barafu humuua mbwa kwa kumkaza tumbo. Haina msingi. Kipande cha barafu ndani ya bakuli hakimdhuru mbwa mzima, ila tu asimeze mapande makubwa kwa pupa, wala asitafune barafu ngumu inayoweza kumvunja jino.

Chakula kitolewe mapema asubuhi na jioni hewa ikishatulia, kwa sababu mwili huzalisha joto unapomeng'enya. Mnyama akila kidogo kuliko kawaida siku ya joto si jambo la kushtua, isipokuwa sungura: sungura asipokula kwa saa kadhaa utumbo wake unaweza kusimama kufanya kazi, na hilo ni la kupelekwa kwa daktari. Chakula chenye unyevu kikibaki kwenye sahani kwa saa moja au mbili kiondolewe, kabla inzi hawajakifanya chao.

Hatua ya tano: manyoya na ngozi

Wapo wanaomnyoa mbwa hadi ngozini wakiamini kwamba wamempumzisha. Kwa mbwa wenye manyoya ya tabaka mbili, yale marefu ya juu na yale mafupi laini ya chini, kunyoa huko huondoa kinga dhidi ya jua, na mara nyingine manyoya huota tena yakiwa mabovu. Kinachosaidia ni kumchana kwa bidii hadi manyoya mafu ya tabaka la chini yatoke, ili hewa ifike kwenye ngozi. Mbwa ambaye manyoya yake hukua bila kukoma anaweza kupunguzwa, lakini abakishiwe urefu wa kufunika ngozi. Vifundo vya manyoya vilivyosokotana havichaniki. Hivyo vikatwe na mtu mwenye ujuzi.

Paka na mbwa weupe, au wenye pua na masikio ya waridi, huungua na jua, na kuungua huko kwa miaka kunaweza kuzaa saratani ya ngozi, hasa kwenye ncha za masikio ya paka mweupe. Mweke ndani saa za jua kali. Kama mafuta ya kukinga jua ni lazima, tumia yaliyotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kwa sababu mengi ya binadamu yana kemikali kama oksidi ya zinki au salisilati, ambazo humdhuru mnyama anapoyalamba.

Sungura akaguliwe sehemu za nyuma angalau mara mbili kwa siku. Inzi hutaga mayai kwenye manyoya yaliyolowa mkojo au kuchafuka kinyesi, na funza wanaoanguliwa humla sungura akiwa hai ndani ya muda mfupi sana. Viroboto na kupe nao huongezeka katika kipindi hiki, hivyo ratiba ya dawa isirukwe.

Hatua ya sita: matembezi na michezo

Watu wengi wanaijua hatari ya gari, na nitaifikia, lakini mazoezi ndiyo chanzo cha visa vingi vya kiharusi cha joto kwa mbwa. Matembezi yahamishiwe alfajiri au jioni sana. Kati ya nyakati hizo mbili mimi naichagua alfajiri, kwa kuwa jua likishazama lami na zege huendelea kutoa joto lililohifadhiwa mchana kutwa. Mbwa yuko karibu na ardhi kuliko wewe. Joto linalopanda kutoka barabarani linampata tumboni na puani wakati wewe unafurahia upepo wa jioni.

Ardhi nayo ipimwe. Hewa ikiwa na nyuzi joto 25 tu, lami iliyopigwa na jua inaweza kuvuka nyuzi joto 50, kiwango kinachounguza ngozi ya nyayo kwa muda mfupi. Laza mgongo wa kiganja chako juu ya lami. Usipoweza kuuacha hapo kwa sekunde 7 bila kuumia, mbwa asipite. Mpitishe kwenye nyasi au udongo wenye kivuli, au muahirishe matembezi yenyewe. Hakuna mbwa aliyekufa kwa kukosa matembezi ya siku moja, na nguvu zake zinaweza kutumika nyumbani kwa kutafuta chakula kilichofichwa au kwa mafunzo mafupi.

Mchezo wa kumrushia mpira ndio nisioupenda kabisa wakati wa joto, kwa sababu mbwa anayeupenda hajui kuacha. Mwamuzi uwe wewe. Ulimi ukianza kutoka nje sana na kupanuka kwenye ncha, akianza kubaki nyuma, au akijilaza kivulini njiani, mchezo umekwisha. Asivutwe kwa kamba wala kushangiliwa ainuke. Kifungio cha mdomo kinachobana taya ni hatari, kwa kuwa mbwa hawezi kutweta akiwa amefungwa mdomo. Ikibidi kimvishwe, kiwe cha muundo wa kikapu kinachomruhusu kufungua mdomo kikamilifu na kunywa.

Kuogelea ni jambo zuri kwa mbwa anayependa maji, kwa masharti machache. Maji ya bahari yakinywewa kwa wingi huleta kutapika na kuharisha, na chumvi ikizidi huathiri ubongo, hivyo beba maji ya kunywa. Maji yaliyotuama, yenye utando wa kijani au wa buluu unaofanana na rangi iliyomwagika, yakwepwe kabisa, kwa sababu bakteria wanaouleta utando huo hustawi katika joto na sumu ya baadhi yao huweza kumuua mbwa ndani ya saa chache, hata kwa kulamba tu manyoya yaliyolowa.

Hatua ya saba: gari

Siku yenye nyuzi joto 22 tu, ambayo wengi wangeiita ya baridi, ndani ya gari lililofungwa na kuegeshwa juani panaweza kufika nyuzi joto 47 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya mwanzo. Kuacha vioo wazi kidogo hakubadilishi mengi. Kwa hiyo kauli ya "narudi sasa hivi" haina nafasi hapa: foleni moja isiyotarajiwa inatosha. Kama unapokwenda mnyama haruhusiwi kuingia, abaki nyumbani.

Safari yenyewe ifanywe saa za ubaridi, gari lipozwe kabla hajapanda, na kasha la kubebea liwe na matundu pande zote, wala lisigeuzwe kuelekea dirisha lenye jua. Simama mara kwa mara umpe maji. Mnyama asisafirishwe kwenye buti lililofungwa, wala nyuma ya gari la wazi lenye sakafu ya chuma.

Hatua ya nane: tambua dalili mapema

Dalili za mwanzo ni kutweta kusikopungua hata baada ya mnyama kupumzika kivulini, mate mazito yanayonata, mapigo ya moyo ya haraka, kuhangaika na fizi nyekundu mno. Hali ikiendelea atapepesuka, atatapika au kuharisha, wakati mwingine kwa damu, atashindwa kuitikia jina lake, ataanguka, atapata degedege au kupoteza fahamu. Fizi zikigeuka kuwa za kijivu, samawati au nyeupe, hali imefika mbali. Kwa paka tafuta kuhema mdomo wazi, kujificha na kulegea. Kwa sungura tafuta masikio yenye joto na wekundu, pua iliyolowa, kupumua kwa haraka na kulala kama tambara. Kwa ndege, mdomo wazi na mabawa yaliyotengwa na mwili.

Joto la mwili likivuka nyuzi joto 41 ni hatari kubwa. Hata hivyo usipoteze muda kutafuta kipimajoto. Mbwa aliyetoka kukimbia anaweza kuwa na kipimo cha juu kisha akatulia mwenyewe, na mwingine anaweza kuwa ameshaanza kupoa wakati viungo vyake vya ndani vimekwisha kudhurika. Namna anavyojiendesha na rangi ya fizi zake vinaeleza mengi kuliko tarakimu.

Hatua ya tisa: poza kwanza, safirisha baadaye

Hili ndilo agizo muhimu kuliko yote katika mwongozo huu. Mtu anayempakia mbwa wake garini akiwa bado anawaka, akakimbilia hospitali ya wanyama, humwongezea dakika nyingi za joto njiani. Madhara hutegemea kiwango cha joto na muda ambao mwili ulikaa ndani ya joto hilo, hivyo upozaji uanzie palepale alipoanguka.

Mwondoe juani. Mtu mwingine ampigie simu daktari wa mifugo wakati wewe unaanza kazi. Kwa mbwa kijana aliye na fahamu na asiye na maradhi mengine, mzamishe mwili kwenye maji baridi yoyote yaliyopo, iwe beseni kubwa, bwawa dogo au birika la kunyweshea mifugo, huku ukikishika kichwa juu ya maji. Kwa mbwa mzee, mgonjwa au mwenye uso bapa, mmwagie maji mfululizo mwilini, hasa tumboni, kifuani na katikati ya miguu, ukipenyeza vidole ili maji yafike kwenye ngozi, na umpepee kwa feni au kwa kipande cha kadibodi. Mbwa aliyepoteza fahamu amwagiwe maji kwa namna hiyohiyo, kwa uangalifu mkubwa yasimwingie puani wala mdomoni.

Ushauri wa zamani ulikataza maji baridi kwa hofu kwamba mishipa ya ngozi itajikaza na kulifungia joto ndani. Uzoefu wa kuwahudumia binadamu na wanyama umeonyesha kwamba kuchelewa kumpoza mgonjwa ndiko kunakoua, na kwamba maji yoyote yaliyo baridi kuliko mwili wake yanafaa. Usiende kutafuta barafu wakati bomba liko karibu.

Usimfunike kwa taulo lililoloweshwa ukaliacha hapo, kwani baada ya muda mfupi taulo hilo hupata joto la mwili na kuzuia mvuke kutoka; likiwa chini yake halina ubaya. Usimpake spiriti. Usimmiminie maji mdomoni. Akiwa na fahamu mwekee bakuli anywe kidogokidogo kwa hiari yake. Usimpe dawa za binadamu za kushusha homa, kwa sababu kiharusi cha joto si homa na dawa hizo hazina cha kushusha, na parasetamoli humuua paka.

Paka hupozwa kwa kitambaa kilicholowa kinachobadilishwa mara kwa mara, tumboni na kwenye nyayo, pamoja na upepo wa feni, kwa kuwa kumzamisha kwa nguvu humtia hofu inayozidisha kuhema. Sungura asizamishwe kabisa. Loweshea masikio yake kwa maji ya ubaridi wa kawaida, mweke mahali penye giza na utulivu. Ndege anyunyiziwe maji na miguu yake ichovywe.

Kama una kipimajoto na mtu wa kukusaidia, pima kwa njia ya haja kubwa kila baada ya dakika chache na uache kumpoza afikapo nyuzi joto 39.5 hivi, kwa kuwa joto la mwili huendelea kushuka lenyewe. Bila kipimajoto, acha pale kuhema kunapotulia na anapoanza kuzinduka, au anapoanza kutetemeka. Kisha ndipo umsafirishe, vioo vya gari vikiwa wazi au kiyoyozi kikiwa kimewashwa, naye akiwa bado amelowa.

Baada ya hapo

Mpeleke kwa daktari hata kama amesimama na kutikisa mkia. Joto kali huharibu kuta za mishipa ya damu, figo, ini na utumbo, na huvuruga uwezo wa damu kuganda. Madhara hayo yanaweza kujitokeza baada ya siku moja hadi tatu, mnyama akiwa tayari ameonekana mzima. Mweleze daktari alikuwa wapi, alikuwa akifanya nini, kwa muda gani, ulianza kumpoza saa ngapi na kwa njia ipi, kama alitapika au kupata degedege, na kipimo chochote cha joto ulichokipata. Maelezo hayo humsaidia kuamua vipimo vya damu vya kufanya na muda wa kumweka chini ya uangalizi.

Nyumbani, kwa siku kadhaa, angalia rangi ya mkojo na kiasi chake, kinyesi chenye damu, madoa madogo mekundu au ya zambarau kwenye fizi na ngozi ya tumbo, na uchovu usio wa kawaida. Likionekana lolote kati ya hayo, rudi hospitalini siku hiyohiyo. Mazoezi yasirejeshwe hadi daktari aruhusu, na yakirejeshwa yaanze kwa matembezi mafupi ya alfajiri, kwa kuwa mnyama aliyewahi kupatwa na kiharusi cha joto huwa mwepesi kupatwa tena.